Barua kwa mwanangu: Jumamosi wakija kuikagua nyumba yako

Mwanangu mpendwa,

Jana ulipokata simu nilibaki nacheka peke yangu. Sauti yako ilikuwa ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ati watu wa kituo cha kuokoa wanyama wanakuja Jumamosi kukagua nyumba kabla hawajakupa paka, nawe umeshaanza kupaka rangi ukuta wa sebule. Weka brashi chini, mama. Hakuna anayekuja kuangalia rangi.

Nayasema haya kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi, kabla hujazaliwa, nilipoomba kumchukua paka wangu Kijivu. Nilisugua sakafu siku mbili. Nikatandika kitambaa cheupe mezani na juu yake nikaweka maua, yale meupe makubwa yenye umbo la tarumbeta yanayoitwa lili. Nyumba ikanukia vizuri, nikajiona nimemaliza. Yule mama aliyekuja hata sakafu hakuitazama. Alisimama mbele ya meza, akagusa kwa ncha ya kidole unga wa njano uliodondokea kitambaa, akaniuliza, "Haya huwa unayaweka mara kwa mara?" Nikajibu kwa fahari: kila wiki! Ndipo akaniomba tukae. Akanieleza kwamba lili ni sumu kwa paka, jani lake, ua lake, hata maji ya kwenye chombo. Wala si lazima ayatafune. Unga ule ukimwangukia manyoyani naye akajilamba, figo zinaweza kufa ndani ya siku chache. Natamani ungeiona sura yangu. Maua yale niliyabeba hadi jalalani huku mgeni bado amekaa.

Paka sikunyimwa. Alirudi wiki iliyofuata, akaona nimesikia, basi. Mgeni njoo mwenyeji apone, nami tangu siku ile naamini msemo huo ulitungwa kwa ajili ya wakaguzi wa paka.

Kwa hiyo leo jioni, badala ya rangi, piga magoti sebuleni uitazame nyumba kutoka kimo cha paka. Utaona mambo. Kwanza kabisa ile cherehani yako. Uzi unaoning'inia kwa paka ni mchezo, lakini ulimi wake una vijimiba vilivyoelekea nyuma, kooni, hivyo akishauanza, kuutema ni kazi. Unashuka. Ukinasa mahali, utumbo unajikunja kama kiuno cha suruali kilichovutwa kamba, na hapo ni upasuaji. (Ukiona uzi umechomoza mdomoni au nyuma, usiuvute kamwe. Mpeleke kwa daktari wa wanyama.) Nyuzi, sindano na mipira ya kufungia nywele viingie kwenye kopo lenye kifuniko, na kifuniko kifungwe, si kama unavyofunga chupa za mafuta.

Dawa zako za kichwa nazo zitoke kando ya kitanda. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka. Mlango wa mashine ya kufulia uwe umefungwa, na kabla hujaiwasha uchungulie ndani, maana paka hupenda mahali penye giza na joto.

Halafu roshani. Hapa ndipo watakapokaa muda mrefu, na wana haki. Watu hudhani paka haanguki. Huanguka, hasa akimtolea macho ndege. Wavu wa mbu wa kawaida anauchana kwa kucha, kwa hiyo weka wavu mgumu, uubane kingo zote, kisha uusukume kwa kiganja uone kama unashika. Kama hautakuwa tayari ifikapo Jumamosi, usijifanye roshani haipo. Waambie: wavu unafungwa siku fulani, mpaka hapo mlango huu haufunguliwi. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mtu anayeonyesha tatizo lake huaminika kuliko mwenye nyumba isiyo na dosari.

Hivyohivyo kuhusu huyo mwenzako mnayeishi naye anayepiga chafya ovyo. Mwende wote kituoni, akae na paka saa nzima, mjue mapema kama paka humletea mzio. Wanyama wengi hurudishwa kwa mambo ambayo yangejulikana kwa kuuliza tu. Tena, mwenye nyumba amekubali? Kwa maandishi? Watakuuliza, kama watakavyouliza ukisafiri nani atamlisha. Usiseme "mama" kabla hujaniomba. (Jibu ni ndiyo, lakini niombe.)

Mengine ni mepesi. Mtengee chumba kimoja tulivu cha kuanzia, chenye boksi la kujifichia na kitu cha kukwaruza makucha, la sivyo atachagua kochi lako. Sanduku la mchanga likae mbali na chakula. Hata wewe usingekula chooni. Wengi hushauri masanduku mawili hata kwa paka mmoja, na mimi nakubaliana nao. Nawe uwe na maswali yako: amehasiwa? Amechanjwa? Anatumia mchanga gani, anakula nini? Anza na vilevile alivyovizoea, ubadilishe polepole baadaye. Wiki za kwanza asitoke nje hata kidogo.

Akishafika, huenda usimwone siku nzima, pengine mbili tatu. Usimvute. Kaa sakafuni usome kitabu chako, akikutazama fumba macho polepole kisha uyafumbue. Ila asipokula kabisa kwa zaidi ya siku moja, mpigie daktari, maana ini la paka halivumilii njaa ndefu.

Nipigie Jumamosi mgeni akishaondoka. Picha za sebule sizitaki. Nasubiri ile ya chini ya kitanda, yenye macho mawili gizani.

Mama yako