Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, tukijua shughuli ulizoziacha.

Klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi wachache waliotaka kuielewa kinga ya mwili. Leo wanachama wamezidi viti. Mafanikio yetu ni makubwa: tumechora ukutani mchoro wa ngozi unaosifiwa na kila anayepita, na tumewashawishi wenzetu wengi waache kuminya majipu. Wengi, si wote.

Mwaka huu tumejikita kwenye kinga ya asili, ile ambayo kila mtu huzaliwa nayo. Hata ukituamsha usiku tutakueleza jinsi ngozi inavyozuia vijidudu, ute wa puani unavyovinasa, na machozi yanavyobeba laisozimu, kimeng'enya kinachobomoa kuta za bakteria. Mwiba ukipenya, makrofaji, seli za kinga zilizomo ndani ya tishu, hutoa kemikali za kuita msaada, mishipa midogo ya damu hutanuka, na nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, humiminika pale ndani ya saa chache. Ndiyo maana panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na kuuma. Nyutrofili humeza bakteria, nazo hufa kwa wingi. Mabaki yake ndiyo sehemu kubwa ya usaha. Yote haya hutangulia ile kinga inayojifunza, ambayo huhitaji siku kadhaa kujipanga. Kinga ya asili haisubiri kikao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayasimulia haya bila kuyaona. Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, mwanasayansi Élie Metchnikoff alichoma miiba kwenye lava (mtoto) wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini, akaona seli zikiuzingira mwiba. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na mwanasayansi mwenzake Paul Ehrlich. Lakini yeye alikuwa na hadubini. Yetu ni moja, lenzi yake ya kukuza mara 40 imeota ukungu kwa ndani, na skrubu ya kulengea imelegea kiasi kwamba mwanafunzi wa kwanza akishaona, wa pili anakuta weupe mtupu. Nyutrofili ina kiini kilichogawanyika vipande 2 hadi 5, na ndicho kinachoitambulisha. Sisi tunaona doa.

Ombi letu la hadubini si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia aliahidi hadubini mbele ya hadhara hii, tukapiga makofi na vigelegele. Aliyemtangulia yeye alisema amelipokea na atalifanyia kazi. Hatuna kinyongo, na makofi bado tunayo. Tumefuta ombi la jezi na la safari ili hili lisipate pa kujificha.

Tunaomba hadubini 2 zenye lenzi za 10, 40 na 100, mafuta ya lenzi, pamoja na slaidi za damu zilizokwisha kutiwa rangi, tusije tukachomana vidole. Zikishindikana 2, hata 1. Ikishindikana hiyo, fundi wa kusafisha lenzi tuliyonayo.

Tunaomba pia, kwa unyenyekevu mkubwa, katika hotuba yako utaje tarehe. Katibu wetu amekaa mstari wa mbele, na kalamu yake ina wino.

Tunaomba kuwasilisha.