Malalamiko kuhusu gari langu lililokataliwa mara mbili kwenye kipimo cha moshi

Shella, Malindi
9 Juni 2025

Kwa Meneja wa Gereji,
Malindi.

Bwana Meneja,

KUH: KUREJESHEWA SH. 34,500 PAMOJA NA KATALISTI YANGU YA ZAMANI (KIFAA CHA KUSAFISHA MOSHI)

Nina teksi, Toyota Corolla ya 1999 ya petroli. Abiria wangu wengi ni wagonjwa na wazee wa Ganda, Msabaha na Gede wanaokuja hospitali mjini. Gari la biashara haliruhusiwi barabarani bila cheti cha ukaguzi wa kila mwaka, na langu lililala siku kumi na moja kwa sababu ya kazi iliyofanywa gerejini kwenu.

Mwezi wa Machi lilichemka nikitoka Gede, nikalileta kwenu likivutwa. Fundi wenu alitoa themostati, kidude kinachodhibiti joto la injini, akaitupa, akaniambia, "Mama, huku Pwani na joto hili hicho kidude hakina kazi." Kisha akajaza rejeta maji ya kisima kutoka kwenye mtungi uliokuwa na ukoko mweupe wa chumvi shingoni. Nilimwamini, kwa kuwa yeye ndiye fundi.

Tangu siku hiyo mshale wa joto haukupanda tena. Ulikuwa umelala chini hata nikifika Kilifi. Mafuta ya sh. 1,000 yakawa hayanifikishi nilipozoea, na nyuma ya gari kukawa na harufu kali ya petroli. Mwezi wa Mei nikaenda ukaguzi Mombasa. Kila kitu kilipita isipokuwa moshi: karatasi ilionyesha kaboni monoksaidi asilimia 4.1. Nikaileta karatasi ile kwenu. Hakuna aliyefungua boneti. Kijana wa kaunta aliisoma na kusema katalisti imekufa, nikalipa sh. 28,000 za katalisti na sh. 6,500 za sensa ya oksijeni, inayopima hewa iliyomo kwenye moshi. Risiti zote ninazo. Nikarudi Mombasa, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi, nikakataliwa tena kwa asilimia 3.6.

Tatizo lilikutwa na mzee mmoja fundi wa Kisumu Ndogo, kwa mikono yake tu. Aliwasha injini, akangoja dakika ishirini, akashika mpira wa juu wa rejeta. "Injini hii haijapata joto," akasema. Akafungua nyumba ya themostati, ndani tupu. Akanieleza jambo ambalo gereji yenye mabango makubwa kama yenu haikunieleza: themostati haizuii injini yenye moto kupoa. Hujifunga injini ikiwa baridi, hufunguka ikipata moto, na ile mpya aliyonionyesha imegongwa namba 82, yaani nyuzi inazoanzia kufunguka. Ikitolewa, maji hupita kwenye rejeta muda wote, injini hubaki na ubaridi, na kompyuta yake huendelea kumwaga petroli kana kwamba ndiyo kwanza gari limewashwa alfajiri. Petroli ikizidi hewa, haiungui ikaisha, na hiyo ndiyo kaboni monoksaidi iliyoandikwa kwenye karatasi.

Haikuishia hapo. Aliziba mdomo wa ekzosti kwa kitambaa kibichi, akapaka povu la sabuni kwenye kiungo cha bomba la mbele, kile ambacho moshi hukipita kabla ya kufika kwenye sensa, na ambacho mafundi wenu walikifungua. Povu likafura na kupasuka, likafura na kupasuka. Hamkuweka gasketi ya kuziba kiungo. Hewa ya nje ilikuwa ikiingia hapo, sensa mpya ikadhani petroli ni chache, kompyuta ikaongeza nyingine. Sensa yenyewe haikuwa na kosa.

Bwana Meneja, kiungo hicho kiko chini ya miguu ya abiria. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo inaua. Wiki ile mlipokifungua nilimbeba mama mjamzito kutoka Msabaha, akalalamika kichwa njia nzima, nami nikamfungulia dirisha nikidhani ni jua. Kila nikikumbuka siku ile moyo hunienda mbio.

Themostati ilinigharimu sh. 1,800 na gasketi sh. 400. Mzee aliosha rejeta, iliyokuwa imeziba kwa chumvi na kutu, nayo ndiyo iliyolichemsha gari tangu mwanzo, akajaza kulanti, maji maalumu ya rejeta, badala ya maji ya kisima. Mshale ukapanda hadi katikati ukatulia. Ijumaa iliyopita nimepita ukaguzi kwa asilimia 0.2.

Basi nauliza: katalisti yangu ya zamani ilipimwa na nani, lini, kwa kifaa gani? Na iko wapi? Nilipoiulizia niliambiwa "imeshakwenda na takataka". Ndani ya katalisti mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanazitafuta kwa bei nzuri. Hiyo si takataka, na ni mali yangu.

Ninadai sh. 34,500 za vipuri nilivyouziwa bila kupimwa gari, na katalisti yangu au thamani yake. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili na ya kupewa maelezo anayohitaji. Pia nataka mafundi wenu wakatazwe kuwatolea watu themostati, kwa sababu najua magari mawili ya stejini kwetu yaliyofanyiwa vivyo hivyo, na wenyewe bado wanalaumu petroli.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata nitapeleka risiti hizi, karatasi tatu za ukaguzi na picha za kile kiungo kwenye Mahakama ya Madai Madogo.

Wenu,
Mteja wenu, dereva na mwenye gari.