Kipindi cha Jumamosi: nail-biter

Habari za jioni wapendwa, poleni na kazi. Tunakutana Jumamosi saa 10 jioni palepale maktaba kwa kipindi chetu cha Kiingereza, naomba tuwahi.

1. Kila mtu aje na sentensi mbili za Kiingereza zenye nail-biter, yaani mechi au uchaguzi unaokuweka roho juu mpaka dakika ya mwisho, kama ile fainali ya Afrika 2012 Zambia na Ivory Coast, penalti zikaisha 8-7: "The final was a real nail-biter." Ni ya maongezi jamani, kwenye barua ya kazi msiiweke.
2. Buku (elfu moja) ya fotokopi, mpeni mhazini.

Anayekuja aandike "nipo" hapa kabla ya Ijumaa saa 2 usiku nijue natoa kopi ngapi, na mnaoona aibu kuongea njooni tu, tunawahitaji sana.