P2 haizuii virusi

Mhariri,

Jumatatu asubuhi maduka ya dawa mtaani kwetu huuza P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya tendo, kama peremende. Muuzaji hufunga pakiti kwa kipande cha gazeti, hupokea pesa, basi. Haulizi tendo lilifanyika lini, ilhali saa ndizo muhimu: vidonge hivyo huchelewesha yai kutoka, na hufaa zaidi vikimezwa mapema, ndani ya saa 72. Mimba ikishatungwa haviitoi, hata waapao wakiapa.

Kinachoniudhi zaidi ni kimya kuhusu maradhi. Msichana anahofia mimba, anasahau HIV, kaswende na kisonono. Dawa za PEP, za kuzuia HIV baada ya tendo, nazo huanzwa ndani ya saa zizo hizo 72, kisha humezwa kila siku kwa siku 28, na hospitali za serikali huzitoa. Kwa mimba, aliyechelewa hadi siku ya tano bado anaweza kuwekewa koili ya shaba, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mji wa mimba. Anayetibiwa kifua kikuu aseme, maana rifampisini, mojawapo ya dawa zake, hupunguza nguvu za P2.

Wauza dawa, muulizeni mteja lini, na kama mwenzake anaijua hali yake ya HIV. Nanyi wavulana, njooni dukani wenyewe. Acheni kuwatuma wasichana.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa