Michoro ya Kolo msiiite upuuzi jamani

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Hapa Dodoma mtu akitoka Kondoa kuangalia michoro ya miambani utamsikia eti hamna kitu kule, vichoro tu havieleweki. Mi inaniuma sana, maana huko kutoeleweka ndo utamu wenyewe.

Pale Mungomi wa Kolo, moja ya sehemu zenye michoro hiyo huko Kondoa, ukisimama chini ya jabali unaona watu wa rangi nyekundu wembamba kama fito, vichwa vimetanuka sijui ni nywele sijui vinyago, na katikati yupo mmoja kashikwa mikono huku na huku. Anatekwa? Yuko ngomani? Au kapandisha mashetani wenzie wanamshikilia asianguke? Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja 1951 akainakili michoro ya huko na bado ubishi haujaisha, na mi nafurahi haujaisha. Halafu kuna sehemu mnyama kachorwa juu ya mchoro mwingine kabisa wakati pembeni mwamba mtupu upo, sasa kwanini asingehamia hapo? Nikiangalia hivyo natamani kumjua huyo mtu alikuwa anawaza nini. UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia tangu 2006, sawa, ila kwangu kubwa zaidi ni kwamba wenyeji bado wanapanda kule kutambika na kuomba mvua, yani sehemu bado inaishi.

Na tusiseme huo utamu wa kutoeleweka ni wa mambo ya kale tu. Erasto Mpemba mwaka 1963 yuko fomu three Magamba kule Lushoto, wanatengeneza aiskrimu, maziwa yake aliyoyaweka kwenye friji yakiwa ya moto yakaganda, ya mwenzie ambayo hayakuchemshwa bado majimaji. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa, hilo haliwezi kutokea. Alipofika sekondari ya Mkwawa Iringa mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, darasa likamcheka. Baadae akamuuliza Dk. Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar kwanini maji ya moto yagande kabla ya ya baridi, wanafunzi wakacheka tena, ila yule mzee hakupuuza, akarudi akajaribu, 1969 wakatoa makala pamoja na hadi leo wanafizikia wanavutana, wengine wanatafuta sababu wengine wanasema haitokei kabisa. Swali la mtoto wa sekondari wa Kitanzania hilo, na lingefia darasani kwasababu halikuingia akilini mwa mkubwa.

Kwahiyo ombi langu ni kwa walimu wanaopeleka watoto Kolo. Wengi mnafika mnapiga picha, mtoto akiuliza mnamjibu haraka haraka ili basi liondoke. Waacheni wakae chini ya lile jabali kwanza, waangalie wenyewe, waulize hata maswali ya ajabu, muongozaji aanze kuelezea baadae. Na waambieni wavae viatu imara, kule juu mwamba ni mkali.

Mpenda mambo ya kale,
Chang'ombe, Dodoma