Gari la kulala na baridi ya kusini

Jamboni ba papa na ba mama. Haya ni ya safari yetu ya Johannesburg na gari la kulala, lile lenye vitanda na tangi la maji. Baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa saba tumeizoea, lakini Johannesburg usiku inaweza kushuka chini ya sifuri. Maji yakiganda ndani ya mipira ya maji ya gari, huipasua. Kwa hiyo tukishapita Polokwane, huko Afrika Kusini, kila jioni tunamwaga tangi lote la maji. Maji ya kupikia yabaki kwenye bidoni, ndani. Kwenye rejeta ya injini fundi aweke dawa ya kuzuia kuganda, siyo maji ya bomba tu (najua, ni bure).

Gesi tuchukue ya propani; butani hugoma baridi ikikaribia sifuri.

Mbabula, jiko la makaa, haiingii garini, hata dirisha likiwa wazi. Hewa ya makaa haionekani, na inaua watu usingizini. Msibishane nami hapo.

Blanketi mbili kila mtu. Papa dereva, bateri ipimwe kabla ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia.