Kitabu chako kimefika Katonga

Katonga, Kigoma
Siku za mbalamwezi

Sudi ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka mwaloni. Huku wazima, mama Zaituni anakusalimu na bado anakuulizia kile kikapu chake. Nimepata nafasi ya kuandika kwa sababu mwezi umejaa: dagaa hawaji kwenye taa, maboti yamevutwa juu, na wavuvi wanashona nyavu huku wakibishana Simba na Yanga.

Kitabu cha mahali pazuri pa kuzamia duniani kimefika. Kona moja imelowa njiani, sijui maji au soda, lakini picha ziko salama. Mshukuru huyo mgeni aliyekisahau chumbani kwake hapo Mafia, maana bei ya vitabu vya namna hii naijua. Na ile karatasi uliyochomeka ndani, "Litafute ziwa lako humu," imenichekesha mpaka mama Zaituni akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nimelitafuta, kaka. Nimeanzia kwenye orodha ya nyuma, nikapekua T, nikapekua K. Afrika tumepewa Bahari ya Shamu upande wa Misri, Sodwana ya Afrika Kusini, Pemba, na Mafia yako aya moja: papa potwe, Oktoba hadi Februari, basi. Tanganyika haimo. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, limerukwa kama stesheni ambayo treni haisimami.

Hilo ningelimeza. Iliyonikwama kooni ni Silfra, kule Aislandi. Ni ufa wa maji baridi ya kunywa kati ya mabamba mawili ya ardhi, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, nyuzi 2 hadi 4, mtu anazamia amevaa kama anakwenda mwezini. Wamewapa kurasa nne. Nakubali, kule unaona hata mita 100 mbele yako na hapa siku njema ni 15 au 20. Lakini ukishaona mbali hivyo, unaona nini? Mawe. Samaki wa kuhesabu. Zaituni amechukua penseli akachora mshale pembezoni mwa picha hiyo, ameandika KIGOMA. Sikumkaripia.

Halafu kitabu chenyewe ni cha 2002, umeona? Kinawashauri watu walale kisiwani Sipadan, na hoteli za pale Malaysia iliziondoa zote mwaka 2004. Kimeweka picha ya lile tao la mwamba la Darwin kule Galápagos, ukurasa mzima, na tao lilianguka baharini Mei 2021. Mtu akifika na kitabu hiki mkononi atauliza liko wapi, na nahodha atamwonyesha nguzo mbili.

Meli zilizozama ndizo wanazozipenda kuliko kitu chochote. Thistlegorm, ile ya Waingereza iliyopigwa mabomu na Wajerumani mwaka 1941, imepigwa picha kila chumba, na pikipiki zake bado zimepangwa humo ndani. Nikafikiri, sisi tungeweza kushindana nao kama Waingereza wasingekuwa na haraka. Liemba, meli yetu ya hapa ziwani, si ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916? Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kubeba abiria. Ndiyo bahati yetu, meli ya kuzamia tulikuwa nayo, ikafufuka.

Sasa nijibu swali lako. Unasema wale wageni wako wawili wameshamaliza nusu ya kitabu na wanataka mahali ambapo hapamo, na unauliza ningewaandikia nini kama ningepewa ukurasa.

Ningewaambia wasiende mbali. Washuke mita 8 au 10 tu, mahali mawe yanapokutana na mchanga uliotapakaa magamba matupu ya konokono, walale kifudifudi na wasitikisike. Dakika tano za mwanzo hawataona kitu, na mgeni aliyezoea papa atakuonyesha kidole gumba juu kwamba twende zetu. Mzuie. Baada ya hapo wanaanza kutoka: samaki urefu wa kidole, watu wazima kabisa hao, kila mmoja na gamba lake. Anachota mchanga kwa mdomo, anaumwaga nje, anachota tena. Sogeza mkono uone, anakuja kukuuma! Na ukoo wake ndio huo huo wa kuhe, yule unayempenda kwa mawese, mmoja wa wakubwa kabisa katika ukoo. Jitu na kibeti wa ukoo mmoja wanaishi ziwa moja.

Na waambie wamtafute kambare mdogo mwenye madoa. Samaki wengi wa huku hulea mayai mdomoni. Sasa huyu kambare hujipenyeza wenzake wakiwa wanataga, anaangusha ya kwake, na mama wa watu anayaokota yote. Ya kambare yanaanguliwa mapema, na hao watoto wanawala wenye nyumba humo humo mdomoni. Nilipomweleza mama Zaituni akasema anamjua mtu wa hivyo, yuko Ujiji.

Haya yote sikuyaona kwa utalii, unajua. Kabla hatujakutana Nungwi nilikuwa nazamia samaki wa mapambo. Wanaofuga samaki kwenye matangi ya kioo huko Ulaya wanaijua Kigoma kuliko hawa waandishi: kuna mwenye nundu kichwani na mistari saba, wanamwita Kigoma hivi hivi, na kuna mweusi mwenye mkanda wa njano anaitwa Maswa, jina la pwani yetu hapo kusini.

Samaki wa mita 30 hapandishwi kwa pupa. Kifuko chake cha hewa kinavimba, anageuka tumbo juu, na hapo huna biashara. Kwa hiyo tuliwatia kwenye madumu yaliyotobolewa, tukayainua mita chache, tukayafunga kwenye kamba, kesho tukayainua tena. Siku mbili, mara nyingine tatu. Mimi niliyewakamata nilikuwa napumua kwa mpira kutoka kwenye kompresa iliyokaa botini, bila kipima kina, bila saa, na napanda pale mwenye boti anapovuta kamba mara mbili. Jina lake niache, tunasali naye msikiti mmoja. Siku moja upepo ukageuka na moshi wa injini ukaingia kwenye mdomo wa kompresa. Kichwa kikawa kizito, nikadhani ni njaa. Nilipofika juu nilitapika mpaka nyongo, mikono haishiki kitu, na swali la kwanza aliloniuliza ni madumu nimeyafunga wapi.

Usiku wa juzi nimesoma kwenye kitabu chako wanapoeleza kusimama mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka majini. Dakika tatu, Sudi. Na samaki tulikuwa tunawapa siku tatu.

Basi wageni wako wakija, wasije na hesabu za pwani. Uso wa ziwa uko mita 770 na ushee juu ya bahari, hewa ya juu yake ni nyepesi, kwa hiyo mita 20 za hapa mwili unazihesabu kama 21 au 22 za kwenu. Kompyuta zao za kuzamia za mkononi wazitegeshe kwa maji yasiyo na chumvi na kwa mwinuko. Vile vipande vya risasi vya kiunoni vya kuwazamisha wavipunguze kama kilo mbili, maana maji haya hayana chumvi ya kuwabeba. Siku ya kuzamia wasipande ndege, wasubiri saa 18, na hata basi la Kasulu waliache, kule ni juu zaidi. Mamba tunawauliza wavuvi kabla ya kushuka, siku hiyo hiyo, siyo habari za wiki iliyopita. Kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani, hatutapita huko.

Mitungi ninayo minne, kompresa tunaazima, na bomba lake la kuvuta hewa nimelirefusha mwenyewe likae upande wa upepo. Kinachonisumbua ni zile pete za mpira za kwenye valvu. Fundi alinikatia za tyubu ya baiskeli, nikazijaribu nchi kavu, zikalia kama filimbi. Ukipita Dar es Salaam ninunulie ishirini, nitakulipa ukifika, na usikubali za rangi ya chungwa, zile zinapasuka.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Rajabu